Dalmas Bado Anaita Majina

Migosi, Kisumu
26 Februari 2025

Mama Debra,

Siku ya mazishi ya mume wako nilikuahidi kwamba nitapiga simu, na nimepiga. Lakini simu yenu huishika mama mkwe wako, na kila nikiuliza jambo nasikia akikurudishia kwa sauti ya juu, na wageni waliokaa naye wakichangia majibu. Nimeona heri niandike. Kahiga anakuja huko Ijumaa kununua samaki wa omena, nimempa barua hii pamoja na majani chai. Ukijibu mpe yeye, lakini funga vizuri kwa gundi. Ni mtu mwema ila anapenda sana mambo ya watu.

Pole tena, dada yangu. Meza ya Dalmas bado iko karibu na yangu ofisini. Hakuna aliyethubutu kuihamisha, na kikombe chake nimekiosha mara mbili bila sababu.

Sasa kazi. Jana Mzee Ondiek, mwenyekiti wa bichi yenu ya wavuvi, alinipigia akiwa amekasirika. Aliniambia, "Wahu nyathina, mwanangu, huyu mtu tumemzika sisi wenyewe. Mbona bado anatuita?"

Wewe ndiwe mwenye ufunguo wa lile sanduku la nguzoni la kuonya upepo, kwa hiyo wacha nikueleze linavyofanya kazi. Ndani yake mna kompyuta ndogo, na programu aliyoandika Dalmas. Programu hiyo yenyewe haijui lolote. Kila stima ikipotea na kurudi, inaamka kama imezaliwa leo, na jambo la kwanza inalofanya ni kusoma faili moja kwenye memori kadi. Faili inaiambia kwamba iko Rakuom, kwamba upepo ukifika nguvu fulani ipige kelele, itumie sauti ya nani (Dalmas alirekodi yake), na iwaite manahodha gani kwa majina. Ikimaliza kusoma inasalimia kwenye spika, halafu inakaa kusubiri upepo.

Hayo majina yalikuwa wazo la Dalmas. Alisema watu wa kwenu ukiwatangazia tu kwamba upepo unakuja, kila mmoja anadhani anayeambiwa ni jirani yake. Lakini mtu akisikia jina lake likitajwa mbele ya bichi nzima, atarudi hata kwa aibu. Na kweli walikuwa wanarudi. Sasa hakuna anayetaka kuitwa kwa jina na marehemu. Mimi ni Mkikuyu lakini nimezaliwa Kisumu, najua imani ya huku kwamba aliyekufa akikuita huitikii, na humfuati anakokuita.

Kwa hiyo nilimrekodi Rachael wa ofisini, nikaituma sauti yake kwa mtandao pamoja na faili mpya. Ilisikika siku moja. Stima ikapotea, ikarudi, na Dalmas akarudi nayo. Nimetuma tena, mambo ni yale yale. Nashuku kadi imechoka. Zikizeeka hukubali unachoandika, halafu zikizimwa zinarudia faili ya zamani. Tafadhali fungua sanduku uniambie kama taa ni ya kijani au nyekundu.

Wako,
Wahu (Mama Shiro)


Rakuom
1 Machi 2025

Mama Shiro,

Majani chai yamefika na mama mkwe ameyakalia. Ananipimia kijiko kwa kijiko kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Taa ni ya kijani. Mimi mambo ya kadi siyajui. Dalmas alinionyesha tu kufungua na kufunga, na kupangusa vumbi. Stima ya huku inapotea ovyo, wewe mwenyewe unaijua, labda ndiyo inayoharibu.

Na huyo Rachael wenu, samahani, lakini anaongea kama mtu anayetangaza sabuni. Wanawake wa kuanika omena walicheka mpaka wakakaa chini. Wepukhulu alisema akiitwa na huyo mama atadhani ameshinda zawadi.

Wepukhulu ni yule mrefu aliyeshika jeneza upande wa mbele, mume wa Dorca. Alitoka Budalang'i akaoa hapa, na hakuna nahodha anayemshinda. Alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili kubishana na Dalmas mambo ya mpira. Ndiye anayeteseka zaidi na ile sauti. Mashine ikisalimia anafungua redio ya boti mpaka mwisho. Juzi nilimkuta ameketi juu ya nyavu ameziba masikio kwa vidole, mtu mzima hivyo. Nikamwambia hiyo ni mashine tu. Akanijibu, "Mama Debra, mashine haijui mimi naitwa nani. Dalmas ndiye ananijua."

Mengine hakuna. Msalimie Shiro.

Awuor (Mama Debra)


Migosi, Kisumu
8 Machi 2025

Mama Debra,

Ndani ya bahasha hii mna kadi mpya, nimeifunga kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ya Kahiga. Zima sanduku, toa ya zamani, weka hii, halafu washa. Ya zamani mpe Kahiga aniletee. Nikiipata nitajua iliharibikaje.

Usichelewe. Mvua za masika zinaanza na unajua upepo wa saa za alasiri unavyokuja bila kubisha hodi. Mzee Ondiek amenipigia tena. Anasema wanaume wengine wameanza kuzungumza habari ya kukata waya wa spika. Wakiukata, siku ya upepo hakuna atakayeonywa, na mimi ndiye nitakayejibu hapa ofisini.

Nimecheka habari ya sabuni. Rachael sijamwambia.

Wahu


Rakuom
12 Machi 2025

Mama Shiro,

Nimeweka kadi kama ulivyosema. Ile ya zamani niliibeba kwenye leso nimpe Kahiga, nikainama kuosha mikono pale kwenye mawe, ikaanguka majini. Nimeitafuta nimeikosa. Unisamehe.

Lakini mashine bado inaongea na sauti ya Dalmas mara kwa mara. Pengine imeizoea. Mtu akifanya kazi na kitu miaka yote hiyo, kitu nacho kinamzoea, si ndivyo?

Mvua imenyesha hapa siku mbili, omena hazikauki na Kahiga atanilaumu.

Awuor


Migosi, Kisumu
19 Machi 2025

Mama Debra,

Naandika nikiwa nimekasirika, kwa hiyo ukiona neno kali ujue ni langu kweli.

Kadi haikuanguka majini. Kila kadi ina namba yake iliyoandikwa kiwandani, na programu ya Dalmas ikiamka huandika ni kadi ya namba gani imesoma, halafu mimi naiona hapa. Asubuhi inasoma kadi niliyokutumia. Alasiri inazimwa, inawashwa, inasoma ile ya zamani. Baadaye inarudishiwa mpya. Kadi iliyozama ziwani haiwezi kusomwa kila alasiri. Nikamuuliza Kahiga kuhusu stima, akaniambia Rakuom haijapotea hata kidogo wiki nzima.

Mimi nilikaa nikiichunguza programu mstari kwa mstari nikidhani marehemu alikosea mahali. Nilimlaumu moyoni. Kumbe ni wewe unazima na kuwasha ili asalimie, umsikie.

Mama Debra, nakuelewa. Lakini siku unayocheza na kadi ndiyo siku upepo unaweza kuja, na manahodha wataitwa na mtu wanayemwogopa. Nitakutumia sauti zake zote kwenye simu, uwe nazo mpaka uzeeke. Ile ya nguzoni naifunga Ijumaa ya wiki ijayo. Naweza kuiamuru programu kutoka hapa isisome kadi ya zamani kabisa.

Wahu


Rakuom
22 Machi 2025

Mama Shiro,

Ni kweli. Sina la kuficha tena. Nilikudanganya na kadi iko hapa kwenye kopo la chumvi.

Usiniletee sauti kwenye simu. Mama mkwe atakuwa anawachezea wageni, na kila atakayeingia atalia kwa zamu. Na hata kama ingekuwa simu yangu peke yangu, kwenye simu anakuwa mdogo. Pale kwenye nguzo akisema "Habari za Rakuom, niko macho," sauti inatoka mpaka kwenye miti ya upande ule, mbwa wanainua vichwa, wanawake wanageuka. Kwa dakika hiyo mimi ni mke wa mtu anayefanya kazi. Nikimaliza narudisha kadi yako, nafunga sanduku, naenda kupika. Sijui nikueleze vipi zaidi.

Lakini si mimi tu. Debra aliniandikia kutoka shuleni. Unajua Dalmas alikufa ghafla, presha, na mtoto aliletwa siku ya mazishi tu, akarudishwa bweni Jumatatu. Ameniuliza, "Mama, Baba bado yuko kwenye nguzo?" Nikamjibu yuko. Sasa anategemea hilo. Ameandika kwamba akishuka tu ataenda kusimama pale kabla ya kuweka sanduku lake nyumbani.

Shule zinafungwa tarehe nne Aprili. Nakuomba, usifunge mpaka mtoto afike amsikie mara moja. Baada ya hapo nitakupa kadi kwa mkono wangu na Rachael aje auze sabuni yake. Nakuomba kama mama kwa mama mwenzake.

Awuor


Migosi, Kisumu
24 Machi 2025

Mama Debra,

Haya. Mpaka Debra afike.

Lakini uniahidi kwamba utaweka kadi ya zamani dakika chache tu, saa ambayo boti ziko nchi kavu. Na uongee na Wepukhulu, umwambie waziwazi kwamba ni wewe unayewasha, ili ajue hakuna marehemu anayemtafuta. Akijua ni mambo ya mke na kadi, hofu itamtoka.

Ofisini nimesema kadi bado inachunguzwa. Nitakuambia na lingine, kwa sababu wewe umesema yako. Siku ya kwanza nilipoona sauti ya Dalmas imerudi baada ya mimi kuifuta, sikukasirika. Nilifurahi. Kisha nikajifanya nina shughuli ya kadi mbovu, maana hiyo angalau naweza kuiandikia ripoti.

Wahu


Rakuom
31 Machi 2025

Wahu,

Wepukhulu amekufa.

Ijumaa alasiri niliweka kadi. Boti zilikuwa nchi kavu kama ulivyosema, zote isipokuwa nne zilizokuwa zinatoa nyavu karibu na kisiwa, na hizo nilidhani bado ziko mbali hazitasikia. Dalmas akasalimia. Nikasimama pale. Sikuitoa kadi mara moja. Nilitaka asalimie tena, nikazima, nikawasha. Upepo ukaja nikiwa bado nimeshika mlango wa sanduku, na mashine ikafanya kazi yake. Ikaanza kuita majina kwa sauti yake yote. Nilijua kwamba nikiizima ili nibadilishe kadi, boti zitakosa onyo kwa muda wote inaoamka. Na nikiiacha, ni yeye anayewaita. Nikaiacha.

Boti tatu zilirudi. Ya Wepukhulu ilikuwa ya karibu zaidi kuliko zote. Kijana wa kazi wa boti yake ameokolewa akiwa ameshikilia jerikeni, na yeye ndiye aliyesema. Walikuwa wamegeuza kuja nyumbani kwa sababu waliona mawingu wenyewe. Halafu wakasikia jina. "Wepukhulu, rudi. Wepukhulu, rudi sasa." Wepukhulu akasema, "Siendi anakoniita huyu." Akageuza boti akaelekea maji makubwa. Kijana alimlilia, naye Wepukhulu akasema afadhali upepo.

Alikuwa anakuja nyumbani, Wahu. Angefika.

Na lile uliloniambia, nimweleze kwamba ni mimi ninayewasha, sikumweleza. Nilimwona Jumatano na Alhamisi. Niliona haya. Nilisema moyoni, Debra akishakuja, nitamwambia na tutacheka.

Dorca ameketi nyumbani kwao na mimi sijaweza kuingia mlango ule. Wamempata jana upande wa Usenge.

Awuor


Migosi, Kisumu
2 Aprili 2025

Mama Debra,

Barua yako Kahiga aliniletea ofisini mwenyewe na hakusema neno, kwa hiyo najua bichi nzima inajua.

Nimezifunga kadi zote mbili. Spika iko kimya, haitaita mtu mpaka iwe na sauti nyingine. Nimekwenda kwa mkubwa wetu nikamwambia kwamba nilijua kuhusu kadi tangu tarehe kumi na tisa na nikairuhusu. Amenisimamisha kazi mpaka wakae kikao. Sikulitaja lile la kopo la chumvi. Nimesema ruhusa ilikuwa yangu, na ni kweli. Wewe ulikuwa mjane. Mimi nilikuwa mtu wa kazi, nilikuwa na amri moja ya kuandika, na sikuiandika kwa sababu nilimkosa rafiki yangu. Usijibebeshe yote peke yako.

Ingia kwa Dorca. Usingoje maneno mazuri, hayapo.

Kuna jambo naliuliza na sijui la kufanya. Mzee Ondiek amepiga simu, ametulia, amezeeka kwa siku hizi. Anasema upepo haujaisha na wanaume wanataka mashine iite, bora isiwe Dalmas. Rachael hawamtaki. Wanataka mtu wa pale, aliye hai, ambaye wakimsikia hawatabishana naye. Mashine bado niko nayo mpaka kikao, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua. Ukipata mtu, mrekodi kwa simu ya Kahiga, mimi nitaiweka.

Na jina la Wepukhulu bado limo kwenye faili. Ni la nne. Nimefungua mara kadhaa nilifute, kisha nikafunga tena. Muulize Dorca.

Wahu


Rakuom
9 Aprili 2025

Mama Shiro,

Niliingia. Dorca alikuwa anachambua mchele na mama zake wamemzunguka. Nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyeweka kadi, na kwa nini. Mama mmoja akaanza kunitukana, Dorca akamwambia aache. Hakunisamehe, nisikudanganye tena. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unamsikiliza kila siku?" Nikasema kila siku. Akasema mimi nilikuwa na bahati.

Nikamweleza maneno ya Mzee Ondiek. Sikutegemea jibu. Kesho yake akaja mwenyewe kwa Kahiga, akasema nipeni hiyo simu. Alisimama pale kwenye mawe akaita majina yote. Mama Shiro, ukisikiliza utaona. Haongei kama mtangazaji. Anaongea kama mwanamke aliyechoka ambaye hataki kurudia. Alipofika la nne alisita, nikadhani atalia. Akaliita. Aliliita polepole, jinsi unavyomwita mtu aje kula. Kisha akaendelea mpaka mwisho, akanipa simu akasema, "Hilo la nne kata wewe mwenyewe."

Kahiga alinionyesha jinsi ya kukata. Nimelikata, na sikuacha nakala. Kwa hiyo na wewe lifute kwenye faili, ndivyo alivyotaka. Wanaume wamesikiliza. Mzee Ondiek alivua kofia.

Kuhusu kikao chako, nitakuja Kisumu. Nitawaambia habari ya kopo la chumvi mimi mwenyewe, utake usitake.

Debra alifika Ijumaa. Alifanya kama alivyoandika, alikwenda kwenye nguzo na sanduku lake kichwani, akasimama akiangalia spika. Nilikuwa nimebeba kadi mkononi. Ulikuwa umeifunga, lakini nilifikiri nitakupigia, nitakuomba hata dakika moja, mtoto asikie mara moja tu. Lakini sikukuomba, kwa sababu Debra alianza kuniuliza. Aliuliza, "Anasema nini siku hizi?" Nikamwambia anasalimia, halafu upepo ukija anaita watu warudi. Akataka kujua ni watu gani. Nikamtajia wote, nawajua kwa mpangilio.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama jina lake mwenyewe limo.

Awuor